Cascades Female Factory, Hobart: nilienda na mama yangu mkunga

Kwa asiye na muda wa kusoma yote ushauri wangu ni huu, ukifika Hobart, mji wa kisiwa cha Tasmania huko Australia, nenda Cascades Female Factory, gereza la zamani la wanawake, ila lipia ile tiketi ya kutembezwa na mwongozaji, usizunguke mwenyewe. Kwasababu majengo mengi yalishabomolewa zamani sana, kilichobaki ni kuta ndefu za mawe, uwanja wa changarawe, nyumba moja ya matroni na alama zinazoonesha hapa palikuwa na seli, pale palikuwa na nini, sasa bila mtu wa kukusimulia unaweza ukapita dakika ishirini ukatoka hujaelewa umesimama juu ya nini. Sisi tulikaa karibu masaa mawili na mama ndo alikuwa hataki kutoka.

Mimi nasoma hapa Hobart na nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, huu mwaka wa tatu. Mama kaja kunitembelea kutoka Tanga mwezi wa sita, yaani kaja baridi lipo kamili, nikawa nawaza nimpeleke wapi mtu aliyezalisha wamama zaidi ya miaka thelathini na ambaye mambo ya kupiga picha na kangaruu hayana nafasi kwake. Nikamwambia kuna sehemu inaitwa kiwanda cha wanawake. Akauliza, "Kinatengeneza nini?" Nikakosa jibu la haraka. Ni gereza, ila gereza la kufanyishwa kazi, hapo hapo ni ofisi ya kugawa wafanyakazi wa ndani, hapo hapo ni wodi ya wazazi na kituo cha watoto wachanga, vyote ndani ya kuta hizo hizo. Akasema basi twende.

Kabla sijafika huko niseme kilichoniuma. Siku moja nyuma tulipanda kibasi cha kampuni moja ya matembezi, jina silitaji, dereva ndo huyo huyo mwongozaji, tulipopita mtaa mmoja akasema kwenye maiki kwamba zamani Uingereza ilikuwa inaleta huku meli zimejaa malaya, watu wakacheka. Mama akaniuliza wanacheka nini. Sikumtafsiria, niliona aibu kama vile nimesema mimi. Kesho yake pale Cascades tukaelezwa vizuri kabisa, umalaya haukuwa kosa la kumpeleka mtu koloni la wafungwa, wengi wa wale wanawake walihukumiwa kwa wizi, tena wizi wa vitu vya ndani vya kawaida, nguo za bosi, kipande cha kitambaa dukani, shuka, vijiko, hela kidogo. Kifungo cha wengi kilikuwa miaka saba, wengine kumi na minne, wengine maisha. Na hiyo saba ukiimaliza hakuna aliyekupa nauli, serikali ilikulipia kuja tu, kurudi utajua mwenyewe, kwahiyo kwa mwanamke maskini miaka saba ilikuwa ni kwaheri ya moja kwa moja, kama ana mtoto kamwacha Glasgow au Dublin basi ndo hivyo. Wafungwa walioletwa Australia kuanzia 1788 ni zaidi ya 160,000, wanawake kati yao kama 25,000, na karibu nusu ya hao wanawake waliletwa hapa Tasmania, enzi hizo panaitwa Van Diemen's Land, mpaka meli zilipokoma 1853. Watu wote hao wana mama zao na watoto wao halafu mtu anakuja kuwamaliza kwa neno moja kwenye maiki.

Sisi tulianzia bandarini, na nawashauri mfanye hivyo. Kuna sanamu nne za shaba, wanawake watatu na mtoto, kazi ya mchongaji wa Ireland anaitwa Rowan Gillespie, ziliwekwa 2017. Wembamba mno, nguo zimewaning'inia, wamesimama kama watu ambao wameshuka sasa hivi na hawajaambiwa waelekee wapi. Mama alimshika yule mtoto begani akakaa naye kidogo. Wale wafungwa wenyewe walikuwa wakishushwa wanatembezwa kwa miguu mpaka kiwandani, basi na sisi tukafuata njia ya miguu kando ya kijito cha Hobart Rivulet, inatoka mjini inapanda taratibu mpaka jirani na hapo, kwa mwendo wa mama ilikuwa kama dakika hamsini na mapumziko. Watu wanasema ukibahatika unaona platipasi majini, yule mnyama mwenye mdomo kama wa bata, sisi tuliona bata.

Kufika kwenyewe unakujua kwa baridi. Sehemu iko bondeni, chini kabisa ya mlima kunanyi ambao wengi wanauita Mount Wellington, ilikuwa saa nane mchana, nyuma yetu mjini jua linawaka na hapa kivuli kimeshatanda. Kilifunguliwa mwishoni mwa 1828 kwenye majengo yaliyokuwa ya kutengenezea pombe kali, kando ya maji, na unyevu wa hapo madaktari waliulalamikia miaka na miaka. Mama alisimama katikati ya yadi namba 1, khanga kaifunga juu ya koti, akaangalia juu mlimani halafu akaniuliza hawa watu walikuwa wanafanya kazi gani. Nikamwambia nyingi ni kufua, wanaletewa nguo za hospitali na za taasisi nyingine za mjini. Akasema, "Kufua? Hapa? Zinakauka saa ngapi?"

Nilimtafsiria mwongozaji, akasema hilo ndo swali lenyewe. Mikono kwenye maji ya kijito kutwa nzima, usiku unalala na nguo ambayo haijakauka. Mi nimesoma vibao vingi vya historia huku lakini hakuna kilichonieleza ile sehemu kama hilo swali la mama.

Ndani walikuwa wanagawanywa madaraja matatu. La juu ni wale wanaosubiri kupelekwa kufanya kazi kwenye nyumba za watu, wenye tabia nzuri kwa macho ya wakubwa, la kati wako kwenye majaribio, la chini linaitwa daraja la wahalifu, ni wa adhabu. Kulingana na sheria za 1829 mtu wa daraja la chini alishonewa herufi C kubwa ya njano mgongoni, nyingine kwenye mkono wa kulia wa nguo na nyingine nyuma ya sketi, daraja la kati C moja mkono wa kushoto, wa juu hawana. Chakula ni uji, mkate na supu, supu yenyewe nyama ya kuhesabu. Ukikosa unafungiwa seli ya peke yako gizani, au unavalishwa kola ya chuma shingoni, au unanyolewa. Na kunyolewa ndo walikochukia kuliko vyote. Makosa yenyewe sasa, kulewa, kumjibu bosi vibaya, kutoka usiku bila ruhusa, kukutwa na mwanaume, kukataa kazi. Bosi alikuwa anakupeleka kwa hakimu leo, kesho uko hapa umenyolewa, na yeye anaomba apewe mwingine.

Halafu tukafika kwenye habari ya kamba. Mwongozaji akatoa kipande cha kamba nene ya meli, ngumu, akaeleza kuwa walikuwa wanapewa kamba kuukuu zilizopakwa lami wazifumue kwa vidole mpaka zirudi kuwa nyuzi nyuzi, zile nyuzi zinakwenda kuziba mapengo ya mbao za meli. Mimi natafuta neno la kumwambia mama, kumbe yeye ameshaelewa zamani, "Hiyo kalafati hiyo." Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa majahazi Pangani, mama alipokuwa mtoto alikuwa anakaa pembeni anamsokotea pamba ya kalafati, babu anaigonga kwenye mapengo ya mbao. Ila wao walitumia pamba na mafuta, kitu laini, mtoto anaweza. Akaichukua ile kamba akajaribu kuifungua na kucha, ikagoma, akaibana magotini kama anavuna kitu, akapata uzi mmoja. Mmoja. Vidole vikabaki vyeusi na alama nyekundu kwenye kidole gumba. Akauliza walipewa kiasi gani kwa siku, akajibiwa walipimiwa kwa uzito na usipofikisha unaadhibiwa, akairudisha ile kamba kwa mikono miwili kama anarudisha chombo cha mtu.

Sehemu ya watoto ndo ngumu, na kama una mimba au umefiwa na mtoto karibuni jiandae kwanza kabla hujaingia. Utaratibu ulikuwa hivi, mwanamke anapelekwa kufanya kazi nyumba ya mtu, akipata mimba huko, awe amependana na mtu au amelazimishwa na bosi au na mtoto wa bosi, anarudishwa kiwandani kujifungua. Ananyonyesha miezi kadhaa, mtoto anaachishwa ziwa, halafu mama anapelekwa daraja la wahalifu miezi sita kama adhabu ya kuzaa. Mtoto anabaki na walezi, akifika miaka miwili mitatu na kama bado yuko hai anapelekwa shule ya yatima New Town, wakati mama yake yupo, anafua nguo huku kiwandani. Watoto walikufa wengi sana. Mwaka 1838 kifo cha mtoto mmoja kilifanyiwa uchunguzi hadharani, mji ukashtuka, watoto wakahamishiwa nyumba nyingine mjini mtaa wa Liverpool, lakini kufa hakukuisha, na baadae wakarudishwa tena hapa hapa bondeni, yadi namba 4 ambayo ndo ilijengwa kwa ajili yao mwanzoni mwa miaka ya 1850.

Mama alikuwa ananisikiliza natafsiri huku anaangalia chini. Akasema, "Unamwachisha ziwa ghafla, baridi hii, chumba kimejaa, anapewa mkate na maziwa ambayo hujui yamekaa tangu saa ngapi. Ataharisha. Akipona kuharisha kifua kitamchukua." Mwongozaji akasema kumbukumbu zinasema hivyo hivyo, kuhara na kifua. Mama akamjibu kwa Kiswahili bila kunisubiri mimi, "Mwanangu, hilo halihitaji kumbukumbu."

Hapo tukasimuliwa habari ya Mary McLauchlan. Alitoka Glasgow, alikuwa na mume na watoto, akahukumiwa kwa wizi, akaletwa na meli ya Harmony mwaka 1829, akagawiwa kwa bwana mmoja kufanya kazi za ndani, akapata mimba, akarudishwa kiwandani. Desemba mwaka huo huo akajifungua humo ndani, mtoto akakutwa amekufa, akashtakiwa kwamba amemuua mwenyewe, wanaume wakakaa wakamhukumu, tarehe 19 Aprili 1830 akanyongwa. Mwanamke wa kwanza kunyongwa katika koloni lile. Baba wa mtoto hakupandishwa kizimbani kwa lolote. Mama aliuliza kitu kimoja tu, wakati anajifungua mkunga alikuwa wapi, jengo zima limejaa wanawake na serikali inajua ana mimba maana ndo sababu ya kumrudisha. Nimelifikiria hilo swali tangu siku hiyo, hata nikiwa zamu ya usiku kazini linanirudia.

Sio kilio mwanzo mwisho, msiogope. Walikuwepo walioitwa Flash Mob, kundi la wanawake humo ndani waliokuwa wanafanya biashara ya magendo, tumbaku, pombe, chai na sukari vinaingia usiku na kugawanywa, wanaimba, wanacheza, wanavaa vitambaa vya rangi na hereni, walikuwa hawakai kimya. Inasimuliwa kwamba siku moja mchungaji William Bedford anahubiri mbele ya gavana Franklin na mke wake, wanawake kwa mamia wakageuka kwa pamoja wakainua sketi wakajipiga makalio. Wazungu wengi kwenye kundi letu walicheka, mama hakucheka. Aliniambia mwanamke mzima akikuonesha utupu wake makusudi hajafanya mchezo, hiyo ni laana, na hao wakubwa walitakiwa waogope. Nikamkumbusha wale wamama wa Nairobi mwaka 1992 pale Uhuru Park, waliokuwa wanadai watoto wao wafungwa wa kisiasa waachiwe, polisi walipowavamia baadhi yao wakavua nguo. Akasema ndo hicho hicho.

Jengo jipya la maonesho ni zuri, kimya, halina vitu vingi vya kuchosha macho, na wahudumu ni watu wenye subira sana, walimletea mama kiti bila kuombwa na mwongozaji alikuwa anasimama kila sentensi mbili tatu anisubiri nitafsiri, wala kwenye kundi hakuna aliyenung'unika. Hilo limenigusa maana nimeshatembezwa sehemu nyingine huku ukiuliza swali wanakuangalia saa. Ningependa tu siku moja paongezwe kitini cha Kiswahili, Tasmania kuna familia nyingi za Wakongo na Warundi wanaozungumza Kiswahili, hii historia wataielewa haraka kuliko watu wanavyodhani, kuna watu hapa wanajua kupandishwa kwenye chombo na kushushwa nchi usiyoijua maana yake nini.

Mwongozaji pia alitugusia habari ya meli ya Rajah, iliondoka Uingereza Aprili 1841 na wanawake 180, ikafika hapa Hobart 19 Julai. Wafadhili wa kikundi cha Elizabeth Fry, mama wa Kiingereza aliyetetea wafungwa wanawake, waliwapa sindano, nyuzi na vipande vya vitambaa, njiani wakashona shuka kubwa la viraka lenye vipande 2,815. Lilipotea miaka mingi, likapatikana Scotland mwishoni mwa miaka ya 1980, sasa hivi liko makumbusho ya taifa ya sanaa Canberra na kwa udhaifu wake halitolewi nje mara kwa mara. Mama ambaye ni mtu wa kushona akasema baharini na mawimbi yale kushona mstari ulionyooka sio kazi ndogo, na vidole vilivyoshona vile vikafikia kufumua kamba.

Tulivyorudi mjini tukakaa kunywa chai, nikatoa noti ya dola 20 nikamwonesha. Yule bibi mwenye kofia na miwani kwenye noti anaitwa Mary Reibey, na yeye aliletwa kama mfungwa, sio huku ila Sydney, mwaka 1792. Mzaliwa wa Lancashire 1777, alikamatwa na farasi wa wizi akiwa kavaa nguo za kiume na kujiita James Burrow, umri wa mtoto wa darasa la saba, akapewa miaka saba. Akaolewa na mfanyabiashara Thomas Reibey, mume akafa 1811 akamwachia watoto saba na biashara ya meli na maduka, akaiendesha akawa tajiri mkubwa, akafa 1855. Mama aliigeuza geuza ile noti kwenye mwanga wa dirisha, akaangalia na ile meli iliyochorwa pembeni, halafu akauliza, na yule wa Glasgow yuko kwenye ipi? Mimi nampenda Mary Reibey kwa kweli, ila kwa sababu hiyo hiyo naona Cascades ni muhimu zaidi ya noti, maana pale ndo wanatajwa majina wale ambao hawakutajirika.

Ya muhimu kwa wanaokwenda: vaa sweta na koti hata kama mjini kuna jua, viatu vya kufunga kwasababu changarawe inateleza ikilowa, buku onlaini mapema maana kundi likijaa limejaa, na nenda asubuhi sio mchana kama sisi. Mzee akichoka kutembea kuna basi la South Hobart linakushusha karibu. Ukirudi nyumbani ingia kwenye tovuti ya maktaba ya Tasmania, rekodi za wafungwa wamezipiga picha na ni bure, unaona mwandiko wenyewe, kosa, meli, urefu, rangi ya macho, na kila adhabu aliyopewa. Sisi tulikesha nazo mpaka saa sita usiku, mama ananiambia nisome mwingine, nisome mwingine, na kila aliyezaa anataka nimtafutie mtoto alifikia wapi.

Nawapa nyota tano. Mama anaondoka mwezi ujao na kabla hajaondoka tunarudi tena, amenipangia mwenyewe, anataka tuwe pale mlangoni wakifungua tu, aone jua la asubuhi likiingia yadi namba 4 linafika mpaka wapi.